Mzee Aliyekubali Kufa Mara Nyingi

Kiyoyozi kinadondoka kutoka dirisha la ghorofani na kumpiga mzee kichwani. Anakufa. Mara tunamwona mzima, anacheka, kwa kuwa aliyeangukiwa ni mwigizaji aliyekodiwa achukue nafasi yake. Hivyo ndivyo Kirsten Johnson alivyomuua baba yake, tena na tena, katika filamu Dick Johnson Is Dead ya mwaka 2020. Baba mwenyewe aliridhia.

Binti huyu wa Kimarekani ni mpigapicha wa filamu za maisha halisi, na kamera yake imezunguka nchi nyingi. Lakini mama yake alipofariki mwaka 2007, baada ya miaka ya kuugua Alzheimer, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, aligundua kwamba hakuwa na picha za filamu za mama huyo alipokuwa bado mwenyewe: akisema, akicheka, akiwatambua wanawe. Kisha baba naye, daktari wa magonjwa ya akili, akaanza kusahau. Safari hii binti hakusubiri.

Familia hiyo ni ya Wasabato, wanaoamini kwamba wafu wamelala hadi Yesu arudi. Binti akamtengenezea baba mbingu papo hapo studioni, yenye chokoleti tele aliyoipenda mno. Vidole vya miguu vya mzee vilikuwa na kilema tangu kuzaliwa, naye alivionea haya maisha yake yote. Katika mbingu ile, Yesu anamwosha miguu na vidole vinanyooka. Nililia pale, na nilikuwa bado nacheka.

Halafu yanafuata mazishi kanisani, marehemu akiwa hai, amejificha nyuma ya mlango akisikiliza anavyosifiwa. Rafiki yake anajua fika kwamba ni maigizo, lakini analia kilio cha kweli kabisa.

Sisi tunaotoka kwenye utani tunaielewa filamu hii upesi. Mzaramo akifa, mtani wake Mnyamwezi anaweza kuja msibani akavaa nguo za marehemu, akaigiza mwendo wake na ubahili wake, na waliokuwa wakilia wakajikuta wanacheka. Ni tiba kubwa, na wazee waliotuachia mila hiyo walikuwa na hekima. Ila anayeigizwa hayupo kusikia. Kirsten ameutoa utani msibani akauleta kitandani, mwenyewe angali anasikia.

Mama yangu alikuwa mcheshi, mtu wa kumtania hata shehe. Alipougua saratani, watu waliingia chumbani kwake kwa kunyata. Walisema pole, wakaomba dua, wakaondoka. Ugonjwa wenyewe hatukuutaja jina. Dua alizihitaji, na pole pia. Lakini aliwahi kumuuliza shangazi: “Wifi, mbona siku hizi hunitanii? Nimeshakufa?” Shangazi alitoka nje kulia. Mpaka leo naamini mama alikuwa anaomba kitu, na kitu chenyewe kilikuwa ni kurudishiwa nafasi yake miongoni mwa watu.

Mipaka ipo, na filamu haiifichi. Katika tukio moja mzee anamwagiwa damu ya bandia, na hapo furaha inamwisha. Unaona kabisa kwamba mchezo umempita. Siku ya kuachana na gari lake hakuna anayetania, maana msiba ule ni wa kweli: mtu anapokonywa uhuru wake akiwa anaona. Kicheko ni mali ya mgonjwa. Akikianzisha, mfuate. Akinyamaza, nyamaza naye.

Wala kicheko hakikumponya Dick Johnson. Kusahau kuliendelea, na binti yake aliendelea kumpoteza kidogo kidogo. Alichopata ni sauti ya baba akicheka, imehifadhiwa, jambo ambalo kwa mama yake lilishindikana.

Ukiwa na mgonjwa nyumbani aliyekuwa mtu wa mzaha, ingia leo umtanie kama zamani. Akikubali, washa simu umrekodi.