Mwenye Kuomba Ushauri Ana Deni la Jibu



Juma hili tunaanza na kosa letu wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita, mjumbe wa kigango chetu cha mbali kabisa alikuja parokiani kwa baiskeli kuhudhuria kikao cha halmashauri. Alileta ombi la mabati ya kuezekea kanisa lao. Tuliliweka mwisho wa ajenda, katika "mengineyo". Ilipofika saa kumi jioni aliomba ruhusa aondoke kabla giza halijamkuta njiani. Tukamwambia ombi limepokelewa. Miezi minne ikapita pasipo neno lolote.

Tulipokwenda huko kuadhimisha Misa, mzee mmoja akatuambia kwa upole: "Baba Paroko, kukosa mabati tumekuzoea. Lakini mlipokaa kimya, mlimfanya mjumbe wetu aonekane mwongo."

Sheria ilikuwa upande wetu. Kanuni ya 536 ya Sheria ya Kanisa yasema kwamba halmashauri ya kichungaji ya parokia ina kura ya ushauri tu. Hata hivyo, tulielewa siku ile kwamba anayeomba ushauri ana deni la jibu.

Tangu hapo tumeutazama kwa jicho jingine uwakilishi wa vijiji vyetu wilayani. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982 inampa kila mkazi mtu mzima nafasi katika mkutano mkuu wa kijiji. Halmashauri ya kijiji ina wajumbe kati ya 15 na 25. Wenyeviti wa vijiji hukutana katika Kamati ya Maendeleo ya Kata, chini ya diwani, naye diwani huingia katika Baraza la Madiwani. Aidha, Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997 iliunda Kamati ya Ushauri ya Wilaya, ambayo mwenyekiti wake ni Mkuu wa Wilaya.

Ngazi ni nyingi, na katika kila ngazi sauti ya kijiji hupungua. Kijiji kinaomba kisima. Kwenye kata, kisima hicho kinashindana na daraja la kijiji jirani. Wilayani, orodha za kata zote hukutana na ukomo wa bajeti. Kukosa si lazima iwe dhuluma, kwa kuwa chungu ni kidogo na walaji ni wengi. Dhuluma huanza pale ambapo habari hupanda tu na hairudi. Mkutano unaofuata watu hawaji, akidi haitimii, kisha tunasikia viongozi wakisema kwamba wananchi hawana mwamko!

Wazee wetu wanakumbuka kwamba halmashauri za wilaya zilifutwa mwaka 1972, zikarejeshwa kwa sheria hiyo ya mwaka 1982. Ibara ya 146 ya Katiba yetu yasema kwamba lengo la serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Lakini chombo kinaweza kuwapo kisheria huku kimekufa midomoni mwa watu.

Katika Matendo ya Mitume, sura ya sita, wajane waliposahauliwa katika mgawo wa kila siku, Mitume hawakunyamaza. Waliliita kusanyiko lote, wakatoa jibu mbele ya wote.

Basi, ndugu zetu, mkutano wa kijiji ukiitishwa, nendeni. Muulizeni mwakilishi wenu bila ukali: ombi letu lilifika wapi? Lilijibiwa nini? Kwa sababu gani? Nanyi mliochaguliwa, rudini hata mikono ikiwa mitupu.

Kwetu parokiani, ajenda ya kwanza sasa ni majibu kwa vigango, na kigango cha mbali husema kwanza. Mabati hayajatosha bado. Lakini mjumbe yule anaendelea kuja.