Gazeti Lililohama Pwani

Nimeuza magazeti steji ya Mishomoroni, Mombasa, tangu ujana, na wengi wanaonunua The Standard kwangu hudhani ni gazeti la Nairobi tangu asili. Lilizaliwa hapa, ng'ambo ya daraja. Mwaka 1902 Alibhai Mulla Jeevanjee, mfanyabiashara kutoka Karachi aliyetajirika kwa kandarasi za reli, alianzisha African Standard kisiwani, likitoka kila wiki. Mwaka 1905 akawauzia Wazungu wawili, Mayer na Anderson, wakaliita East African Standard. Kufikia 1910 lilikuwa limehamia Nairobi na kuwa la kila siku.

Kuhama si neno. Hata reli ilianzia hapa ikaenda zake. Kinachoniuma ni kwamba gazeti la Mhindi liligeuka mdomo wa walowezi, wale wale waliompinga Jeevanjee alipodai Wahindi wapewe haki sawa, pamoja na ardhi ya nyanda za juu.

Mambo haya nilifunzwa na mteja wangu, karani mstaafu wa bandarini. Yeye alikulia kwenye Baraza, gazeti la Kiswahili ambalo kampuni ya East African Standard ililianzisha 1939, na mhariri wake wa mwanzo akiwa Francis Khamisi, mtu wa Rabai. "Mwanangu," aliniambia, "mtambo ulikuwa wao, maneno yalikuwa yetu." Mimi sikukubali wala sikumbishia, mzee alikuwa akilipa taslimu.

Miaka ya 1960 gazeti la Standard likanunuliwa na kampuni ya Lonrho ya London, na miaka ya 1990 likaingia mikononi mwa Wakenya waliosemwa kuwa karibu na Rais Moi. Sisi wachuuzi hatuarifiwi. Tajiri wetu ni msambazaji wa alfajiri, na furushi likichelewa njiani wateja washavuka kwenda kazini.

Ila Machi 2006 tulijua. Polisi waliofunika nyuso walivamia mtambo usiku, wakachoma nakala zilizokuwa tayari na kuizima KTN, televisheni ya kampuni hiyo hiyo. Siku zilizofuata hata mabingwa wa kusoma vichwa vya habari wakiwa wima, bila kutoa hata ndururu, walinunua.

Sasa gazeti zima hutumwa WhatsApp bure, na furushi langu limekonda. Matajiri wa Mombasa nawaona wakipandisha maghorofa Nyali. Wa kuanzisha gazeti la kila siku, kama Mhindi yule alivyothubutu kuanzisha la wiki, sijamwona.