Wanaonidai

Jumapili, 14 Julai 2024

Baba mdogo amepiga simu tena kutoka Makete. Anasema umri unakwenda, ukoo unanisubiri, damu ya Kikinga haiwezi kupotelea kwenye joto la Ruaha Mbuyuni. Namheshimu sana, ndiye aliyenilipia sekondari baba alipokuwa hoi kitandani. Lakini huongea kana kwamba mimi halisi niko kule milimani siku zote, ninamngoja huyu wa bondeni apande basi akaungane nami.

Baba alishuka kutoka Makete kufuata biashara ya vitunguu, akapanga chumba karibu na daraja, hakurudi tena. Mama mzazi alikuwa Mvidunda wa ng'ambo ya mto, upande wa Morogoro, akafariki kabla sijaanza shule. Aliyenilea ni jirani, Mhehe wa Kalenga, ambaye hakujaaliwa mtoto. Huyo ndiye ninayemwita Mama. Kihehe nilikipata kwake pamoja na namna ya kupiga goti na kusema "kamwene" mbele ya wakubwa. Kiswahili cha mjini nilikiokota barabarani, kwa matingo wa malori yaendayo Zambia na Kongo. Kazi ya mikono nilifunzwa kwenye majaluba na vibarua wa Kibena, Kigogo na Kisukuma, ambao hawakunihurumia hata kidogo, na nawashukuru. Ukinichambua, Ukinga wangu ni jina. Jina nalo ni kitu, silidharau.

Vitunguu vimelaza majani, wiki hii tulipaswa kung'oa. Mama hajala tangu jana.

Jumanne, 16 Julai

Mama amefariki alfajiri.

Ndugu zake wamepiga simu kutoka Kalenga: wanataka apandishwe Kitonga, akalale kwa wazee wake. Wazee wa hapa walikaa chini ya mti, wakajadili weee, mpaka mmoja akauliza, "Mtoto wake anasemaje?" Wote wakanigeukia. Nikasema Mama alitaka kuzikwa hapa, karibu na shamba, na aliniambia hivyo zaidi ya mara moja. Mjadala ukaisha. Simu ikapigwa Kalenga kwamba mtoto ameamua, na huko nako wakakubali.

Jumatano, 17 Julai

Tumezika. Naandika nikiwa sina machozi tena.

Kabla jeneza halijashushwa, fundi wa malori, Mngoni wa Songea, alijitokeza amejifunga khanga za Mama na kubeba jembe lake. Akatembea kama yeye, mkono mmoja kiunoni, akiwafokea wezi wa zamu ya maji na madalali wa lumbesa, sauti ileile, kikohozi kilekile. Watu walicheka huku wanalia. Halafu akashuka kaburini, akajilaza, akasema hatoki mpaka alipwe. Mchungaji akasubiri kwa subira, anaijua mila. Wajomba wa Kalenga wakatoa hela. Mngoni akazisukuma.

"Sitaki hela za wageni. Binti yake yuko wapi? Nyie Wahehe bahili sana, mnataka kumzika mama yenu bure?"

Nikafungua pindo la khanga nikamlipa. Akahesabu, akanitukana tena, akatoka.

Sijapata kuheshimiwa namna ile. Mtani hatukani asiyemhusu. Angeniona jirani tu angenipa pole na kunipita. Alinidai mbele ya kijiji kizima, na kijiji kizima kikaona ni haki yake.

Usiku nimewaza asili ya deni hilo. Wangoni na Wahehe walipigana vita vibaya mwishoni mwa miaka ya 1870 na mwanzoni mwa miaka ya 1880, wakauana wasimalizane. Waliobaki wakawa watani, na leo mjukuu wa huyu anashuka kaburini kwa ajili ya mjukuu wa yule. Haya nawafundisha wanafunzi wangu darasani kila mwaka, ila leo ndiyo nimeyaona yakifanya kazi.

Ijumaa, 19 Julai

Leo imetimia miaka 126 tangu Mkwawa, mtawala wa Wahehe, ajipige risasi kule Mlambalasi, mwaka 1898, ili Wajerumani wasimkamate akiwa hai. Kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa 1919 uliagiza kirudishwe. Kikarudi 1954, kilipoletwa Kalenga na Gavana Twining. Alikwenda kukitafuta katika makumbusho ya Bremen, kati ya mafuvu mengi ya watu wetu, na njia mojawapo ya kukibagua ilikuwa kulinganisha vipimo vya fuvu na vya vichwa vya jamaa zake walio hai. Nimewahi kulitazama fuvu hilo pale Kalenga pamoja na Mama. Sijui mfupa unaweza kutuambia mangapi kuhusu mtu. Najua kwamba watu wake waliudai miaka yote ile bila kuchoka, na kudaiwa huko ndiko kulikomfanya awe wao hata akiwa ndani ya kabati la wageni.

Tena hao Wahehe wenyewe si wa tangu na tangu. Kabla ya Munyigumba, baba yake Mkwawa, nyanda zile zilikuwa za watemi wadogo wengi, kila mmoja na watu wake. Aliwaunganisha kwa mkuki na kwa ndoa katikati ya karne ya 19. Baadaye Waingereza, wakati wa Gavana Cameron, wakataka kila mwananchi awe na kabila na kila kabila liwe na mkubwa wake. Uhuru ulipokuja, utawala wa machifu ukafutwa 1963, na sensa ya 1967 ikawa ya mwisho kuuliza kabila. Wapo wanaosema basi kabila ni uongo. Mimi nakataa. Nyumba iliyojengwa na watu si uongo kwa sababu ilijengwa. Ninachobisha ni kuambiwa kwamba nilikamilika kabla sijazaliwa.

Jumapili, 21 Julai

Baba mdogo amekuja! Ameshuka na basi la kutoka Njombe, suti nzito mwilini kwenye jua hili, kapu la viazi mkononi. Kwenye kikao cha familia alisimama, akatoa rambirambi "kwa mama aliyetulelea mtoto wetu," kisha akakaa chini mkekani na wajomba wa Kalenga, akala nao sahani moja. Hakutaja damu. Nami nikamwambia, bila kuombwa, kwamba Desemba nitakwenda Makete.

Mama wakubwa wawili wa Kalenga wakadakia papo hapo: binti wa nyumba hapelekwi kwa watu peke yake, watanisindikiza. Ndugu zangu wa Kividunda nao wakasema haitawezekana waachwe. Baba mdogo akauliza aandae vitanda vingapi, na Mngoni, aliyekuwa amesimama mlangoni, akajibu kwamba na cha kwake kihesabiwe, maana Wahehe wakisafiri bila mtani watapotea njia.

Kesho tunang'oa vitunguu. Wamesema wote watashuka shambani.