Ngazi ya Samaki ya Pitlochry

Msafiri aingiapo Pitlochry, mji mdogo wa milimani huko Uskoti, huona ukuta wa zege umeuziba Mto Tummel. Hilo ni bwawa la umeme lililojengwa kati ya mwaka 1947 na 1951. Maji yaliyotuama nyuma yake yamekuwa ziwa liitwalo Faskally.

Mwaka 1943, vita vikiendelea, Waziri wa Uskoti, Tom Johnston, alisimamia kupitishwa kwa sheria ya kuwapatia watu wa milimani umeme wa maji. Wenyeji wa Pitlochry walipinga. Walihofia kuwa mandhari ingeharibika na watalii wangekoma. Tena samaki aitwaye salmoni, apandaye kutoka baharini kwenda kutaga mayai, angezuiwa na ukuta.

Hofu hiyo haikupuuzwa. Kando ya ukuta ilijengwa ngazi ya vidimbwi 34, yenye urefu wa mita 310. Samaki hupenya matundu kutoka kidimbwi hadi kidimbwi, na vitatu ni vikubwa, vya kupumzikia. Watalii nao hawakukoma: huja kulitazama bwawa lenyewe.

Katika mpango huohuo lilichimbwa handaki la maji la Clunie. Tao la zege, lenye umbo na ukubwa wa handaki hilo, limesimamishwa kuwakumbuka wafanyakazi 5 waliopoteza maisha. Katika kazi hizo za milimani Waskoti na Wapolandi walifanya kazi pamoja na Wajerumani waliokuwa mateka wa vita. Waliolengana bunduki jana walishika sururu moja.