Mtandao Mbovu ni wa Huko au wa Hapa?

Simu na Bibi aliyeko Tanga ikikatika, kwetu hapa Birmingham jibu huwa tayari: "Mtandao wa huko tena!" Mjomba anasema, mama anasema, hata mdogo wangu ambaye hajawahi kufika Tanga anasema. Na nyie mnajua, wengi wetu Kiswahili chetu tunakipata kwenye simu hizo hizo. Kila ikikatika, tunapoteza kitu.

Kompyuta yetu ya sebuleni inatumia Linux yenye Xfce. Nikaona isiwe tabu, tuiulize yenyewe. Nikaandika skripti fupi ya bash. Kwanza `ip route` inaitajia anwani ya ruta, halafu `ping -c 1 -W 2` inabisha hodi pale. Ruta isipojibu, tatizo ni waifai yetu. Ikijibu, skripti inabisha hodi nje, kwa 1.1.1.1. Huko kukiwa kimya, tatizo ni laini ya kampuni. Kote kukijibu, upande wetu uko sawa, na ndipo unaweza kuuliza wa Bibi.

Upau wa Xfce una kijiprogramu kinaitwa Generic Monitor. Unakipa skripti yako (usisahau `chmod +x`), unachagua iendeshwe kila baada ya sekunde ngapi, na maneno yake yanatokea pale kwenye skrini. Yangu ni kila sekunde 30.

Nilitaka mama aisome bila kuniita, kwa hiyo maneno tulichagua pamoja. Mimi nilipendekeza "muunganisho". Akacheka, akasema hilo ni la taarifa ya habari. Tukakubaliana: "Shwari", "Waifai yetu mbovu", "Laini ya nje imekatika".

Nikaongeza mstari mmoja: kukiwa na tatizo, `date` na ujumbe viandikwe kwenye faili kwa `>>`. Baada ya wiki mbili tukaifungua. Karibu mistari yote ilisema "Waifai yetu mbovu". Ruta ilikuwa kabatini chini ya ngazi, nyuma ya mashine ya kufagilia! Tukaihamishia sebuleni, na simu zikatulia.

Mama alipomsimulia Bibi, Bibi alicheka mpaka akakohoa. "Nyani haoni kundule," akasema.

Kwenu je, simu ikikatika analaumiwa nani? Pimeni kwanza.