Jedwali Linapoonekana kwa Macho

Nilipoanza kufundisha vijana hifadhidata, SQLite ilitufaa sana sisi tusio na seva. D. Richard Hipp aliitoa mwaka 2000 na kuifanya mali ya umma. Hifadhidata nzima ni faili moja: unaibeba kwenye flashi, unaifungua kwenye kompyuta nyingine, kazi inaendelea.

Ugumu ulikuwa pa kuanzia. Mwanafunzi alikaribishwa na skrini nyeusi yenye neno sqlite> na basi. Akisahau nuktamkato mwishoni mwa amri, skrini ilimwekea nukta tatu na kuendelea kumsubiri. Wengi walidhani kompyuta imeganda, wakafunga kila kitu.

Kisha tukapata SQLite Manager, iliyofanya kazi ndani ya Firefox. Waliokuwa wakiogopa amri wakaanza kubofya jina la jedwali na kuona yaliyomo: jina la mwanachama, tarehe, kiasi alichoweka. Lakini Novemba 2017 ilipotoka Firefox 57, programu za nyongeza za mtindo wa zamani zikakataliwa, na hiyo yetu ikaenda nazo.

Tukahamia DB Browser for SQLite, kazi iliyoanzishwa na Mauricio Piacentini mwaka 2003 na kuendelezwa na wengine. Hapo ndipo ufundishaji wangu ulipobadilika. Ukiunda jedwali humo, unajaza majina ya safu wima na aina zake kwenye fomu, na chini ya dirisha hilohilo amri ya CREATE TABLE inajiandika kadiri unavyojaza. Namkumbuka binti mmoja aliyetia alama kwenye kisanduku cha NN, akaona maneno NOT NULL yakitokea chini. Akaiondoa alama, yakafutika. Akairudisha, akacheka, akamwita jirani yake aje kuona. Baadaye akawa anaandika amri hizo mwenyewe.

Kitufe cha Write Changes nacho kilikuwa somo. Mabadiliko hayaingii kwenye faili mpaka ukibonyeze. Kabla ya hapo unaweza kuyatengua yote.

Wapo walimu wanaosema vifaa hivi vinawadekeza wanafunzi. Mimi naona anayeanza ana haki ya kuiona data kabla ya kujifunza kuiamuru. Ndiyo maana nikichagua programu ya kufundishia siangalii wingi wa vitufe. Natazama kama inamwonyesha mwanafunzi amri inazoandika kwa niaba yake.