Kinga ya amotisa au kinga ya mzigo?

Kindu, komini ya Alunguli. Baba mmoja aliyekimbia vita na mke wake na watoto wanne, ambaye sasa amepokelewa na jamaa moja ng'ambo ya kuume ya mto Lualaba, alikuwa na neno zito la kuamua wiki hii: anunue kinga gani?

Pesa zilitosha moja tu. Alizipata kwa kusukuma makala kwenye barabara ya Kalima hadi kivukoni, mahali mitumbwi inapovusha mizigo kwenda soko la mjini. Kinga ilikuwa ya kukodi, na kila jioni nusu ya mapato ilirudi kwa mwenyewe. Akiwa na yake, nusu hiyo itageuka unga, sabuni na madaftari ya watoto.

Kijana mmoja akamletea kinga ya milimani, ya aina inayoitwa enduro. Ina amotisa mbele, na nyingine katikati ya fremu, kama pikipiki. Ulaya watu hushindana nayo milimani, na saa huhesabiwa wakati wa kushuka tu. Ndiyo maana imeundwa kupiga mawe na mizizi bila kumtupa mtu.

Baba akaipanda. Kwenye mashimo yaliyochimbwa na mvua, amotisa zilibonyea na kurudi, naye hakusikia kitu mgongoni. Freni zake za mafuta zilishika kwa kidole kimoja, hata kwenye matope. Matairi mapana hayakuteleza. Alirudi anacheka.

Mke wake hakucheka. "Baba watoto, tuione basi na gunia."

Hapo shida zikaanza. Nyuma hakuna chuma cha kubebea mzigo, wala mahali pa kukifunga, kwa sababu nusu ya nyuma ya fremu inapanda na kushuka. Walifunga gunia juu ya kiti kwa kamba za mpira. Amotisa ikazama hadi mwisho, pedali zikakwaruza chini. Alipoisukuma, kila hatua kinga ilinesa, na nguvu za mikono zikapotelea humo. Kinga hii ina uzito wa kilo kama 15, na imeundwa kubeba mtu mmoja na mfuko wake, si mtu na gunia.

Wakaipeleka kwa fundi chini ya mwembe. Akapitisha kidole kwenye amotisa ya nyuma, kikatoka na mafuta. Alisema inataka mpira wake maalumu wa kuzuia mafuta, na pompi yake ya kutia hewa kali. Mnyororo ni mwembamba, wa meno ya gia 12. Sokoni hakuna wa namna hiyo.

"Kwa kinga ya chuma nina nyundo, moto na mpira," fundi akasema. "Kwa hii nina macho tu." Lakini hakuidharau. Kwa muuguzi au mjumbe anayepita njia za msituni na mfuko mmoja mgongoni, alisema, ingemwokolea kiuno, mradi apate vipuri.

Kinga ya chuma nayo ina mabaya yake. Ni nzito, kila jiwe linafika mikononi, na kwenye mteremko wenye mzigo freni zake hazitoshi. Wasukumaji wanajua hilo kwa makovu ya miguu yao.

Baba alinunua ya chuma, iliyochomelewa chuma cha nyuma, na kijiti kikafungwa kwenye usukani cha kuiongozea. Pesa kidogo ikabaki. Yeye alitaka gunia la pili. Mke akataka mipira mipya ya freni.

"Gunia likianguka, tutaokota makala," alimwambia. "Na wewe ukianguka?"

Asubuhi iliyofuata alifika kivukoni na gunia moja, freni mpya. Jioni mapato yote yalilala nyumbani.